Alama Ielekee Dirishani

3 Machi

Daftari hili lilinunuliwa kwa ajili ya kuorodhesha kadi za wagonjwa zinazopotea. Kwa vile mtunza kadi wa zahanati ni mimi, na kadi zangu hazipotei, limekaa jeupe mwaka mzima. Leo mwalimu wa mashine ametuagiza kila mmoja awe na daftari, aandike kila siku alichofanya na alichokosea. Mimi nitaandika na ya nyumbani, maana naishi peke yangu na kuta hazinijibu.

Tunaofundishwa tuko watatu: mlinzi wa zahanati, mwalimu wa chekechea, na mimi. Hakuna kati yetu aliyewahi hata kuchoma sindano. Muuguzi tunaye mmoja tu, Sista, naye hana mikono minne. Ndiyo maana wakubwa wa mjini wameamua kutufundisha sisi kupima wajawazito kwa ultrasaundi. Tukishapima, picha zinatumwa mjini kwa mtandao, mwalimu anazitazama na kutujibu. Nilidhani mashine itajaa chumba. Kumbe ni tableti moja, waya, na kitu kama mashine ya kunyolea kinachopitishwa tumboni, kinaitwa probu. Mlinzi alikipokea kwa mikono miwili kama aliyekabidhiwa kichanga.

Haraka yote ni ya mvua. Mto ukijaa, daraja linazama, na hospitali iko ng'ambo. Mwenye mimba ya shida inabidi avuke mapema akakae kwenye nyumba ya kungojea kujifungua. Asiye na shida anabaki, anajifungulia hapa kwa Sista na Bi Mkunga.

4 Machi

Probu ina kidoti cha kijani ubavuni. Ukimpima mama kwa urefu wa tumbo, kidoti kinaelekea kichwani kwake. Ukifanya hivyo, kushoto mwa skrini ni upande wa kichwa cha mama, na kulia ni upande wa miguu. Ukikishika kinyume, juu inakuwa chini. Mwalimu amelisema hili mara nane, nimehesabu.

Mlinzi lilikuwa halimwingii. Mwisho akapata njia yake: kitanda cha kupimia kichwa chake kiko dirishani, basi alama ielekee dirishani, yaani kidoti kitazame dirisha. Tulicheka, halafu sote tukaanza kuitumia. Ni rahisi, haina kufikiri.

7 Machi

Mwalimu amemsikia mlinzi akinong'ona "dirishani, dirishani". Alikasirika, akasema dirisha si mgonjwa. Tukaitikia ndiyo mwalimu. Alipotoka kunywa chai tukaendelea vilevile.

11 Machi

Leo nimeuona moyo wa mtoto kwa mara ya kwanza bila kuoneshwa. Unapepesa. Nilisahau nipo kazini, nikabaki mdomo wazi mpaka mama mwenye tumbo akaniuliza kama kuna tatizo.

14 Machi

Mwalimu ameondoka. Kabla ya kupanda gari alituachia masharti ya mwisho: usimpime mama kwa kukisia, usiruke hatua hata moja, na ukiwa na shaka usione haya kuuliza. Mwalimu wa chekechea amehamishiwa kituo cha ng'ambo pamoja na mashine ya pili. Mlinzi amerudi kwenye lindo lake, anasema picha zile zinamzungusha kichwa. Kwa hiyo mpimaji ni mimi. Sista amenipa koti jeupe la zamani la tabibu aliyehama, nami nimelipiga pasi mara mbili. Naandika haya nikijua kabisa kwamba najiona.

20 Machi

Mvua. Akina mama sita.

27 Machi

Paa la chumba cha kupimia linavuja, tena juu ya mto wa kulalia hasa, pale dirishani. Mama mmoja kadondokewa na tone jichoni, akaniuliza kama ndiyo dawa yenyewe. Tumegeuza kitanda mimi na mlinzi, kichwa sasa kiko upande wa mlango, miguu dirishani. Tumeweka beseni.

28 Machi

Mvua. Beseni limejaa mara tatu.

2 Aprili

Leo nimempima Chiriku.

Chiriku ni mdogo wangu, tuko wawili tu. Wazazi walipotutoka alikuwa na miaka tisa, nikamlea mimi. Jina hilo nilimpa mwenyewe kwa sababu mdomo wake haupoi hata akiwa usingizini. Ameolewa na fundi seremala, mtu mpole wa kupitiliza, na wamengoja mtoto miaka saba. Mimba mbili zilitoka kabla ya mwezi wa tatu. Hii ya sasa imefika mwezi wa nane. Siku hizi akikaa huliweka tumbo mbele kama mgeni wa heshima.

Alipanda kitandani akianza kunichambua. Koti langu lilimpa kicheko, akasema nimefanana na muuza maziwa. Nilimpaka jeli, nikaelekeza alama, skrini ikanitazama mimi. Moyo mzuri. Maji ya kutosha. Kondo la nyuma liko ubavuni, halizibi njia. Nikafuata mgongo mpaka nikakipata kichwa, cheupe, mviringo, kulia mwa skrini.

Ilibaki hatua ya mwisho, kuweka probu kwa upana juu kidogo ya mfupa wa kinena na kukandamiza, ili kuhakikisha kilichotangulia ni nini. Chiriku akasema, "Dada, nimebanwa mkojo. Ukinikandamiza hapo nitakuaibisha mbele ya Sista." Nikamwacha. Angekuwa mwanamke mwingine ningemwambia akajisaidie arudi. Huyu nilimwonea huruma, mvua ilikuwa inanyesha na choo kiko mbali.

Nikamwambia kwa sauti ya kidaktari kabisa kwamba mtoto ametanguliza kichwa, hana haja ya kuvuka. Alilia kwa furaha. Alikuwa hataki kwenda kukaa ng'ambo wiki nne na watu asiowajua. Picha nimezituma, lakini mtandao unazungukazunguka tu.

3 Aprili

Shemeji amekuja mbio. Bi Mkunga amepita kwao, amemshika Chiriku tumbo, anasema kichwa kiko juu, chini ya mbavu, na kwamba avuke.

Bi Mkunga amezalisha nusu ya watu wa hapa, na mimi ni mmoja wao. Nimeenda nikamkuta bado yupo, majirani wanne wameketi. Nikamweleza kwa adabu kwamba mashine inaona ndani. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, mimi naona kwa mikono hii, wewe unaona kwa hiyo mashine. Mpime tena." Nikamjibu kwamba jeli imebaki chupa moja na wapo akina mama wengine wanaoingoja. Majirani wakaitikia kwa vichwa. Chiriku akasema dada yake hawezi kumkosea. Bi Mkunga alinyanyua mkoba wake akaaga.

5 Aprili

Lori la mwisho limevuka na akina mama watatu. Chiriku alikuja kuwaaga, kawapa kila mmoja maneno ya kutosha wiki nzima. Mtandao hakuna tangu juzi usiku, afadhali picha zilikuwa zimekwisha kwenda. Wanasema mnara umepigwa na radi.

6 Aprili

Daraja limezama.

12 Aprili

Mvua. Nimempima mmoja.

19 Aprili

Mvua. Shemeji amemaliza kitanda cha mtoto, amekipiga msasa mpaka ukipitisha mkono huhisi mbao. Chiriku anamsuta kwamba mtoto atateleza.

24 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio. Nisipoandika leo sitaandika tena.

Asubuhi na mapema shemeji alimleta Chiriku kwa mkokoteni, amemfunika turubai. Uchungu ulianza alfajiri. Alikuwa bado anatania, akalalamikia matairi. Sista alimpima njia, nikaona uso wake umebadilika. Alipima tena. Akanivuta mlangoni akaniambia kwamba anachokigusa ni makalio.

Nikamwambia haiwezekani. Nilisema hivyo mara mbili.

Bi Mkunga aliitwa, akaja na mvua yake mwilini. Hakunitazama. Waliongea na Sista kwa sauti ya chini, wote wawili wanajua kazi. Ng'ambo hakuna njia, maji yalikuwa yanapita juu ya vyuma vya daraja. Wakasema tutangoja, tusimvute, mwili ushuke wenyewe. Mimi nilipewa kazi ya kumshika Chiriku mabega.

Ilipofika kama saa nne miguu na kiwiliwili vikatoka. Mtoto wa kiume. Niliona mguu wake ukikunjuka, kwa hiyo alikuwa hai, najua alikuwa hai. Kisha kichwa kikakwama. Sista alipanda hadi kitandani. Bi Mkunga alifanya kila alichokijua, hakuacha. Chiriku aliniita dada, dada, dada, kama alivyokuwa akiniita udogoni akiota vibaya. Nilimwambia sukuma. Sijui ilichukua muda gani. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu na sikuitazama.

Alipotoka hakulia. Walimpulizia, wakamsugua, wakampulizia. Sista ndiye aliyesema basi.

Shemeji alikuwa nje chini ya upenu. Nilikwenda mimi kumwambia. Alivua kofia, akaishika, akaniuliza kama mkewe ameumia sana.

25 Aprili

Tumemzika. Ni mzuri, ana nywele nyingi. Nashindwa kuandika alikuwa.

27 Aprili

Chiriku haongei. Nimemwogesha, nimembana kifua kwa kitambaa maana maziwa yamekuja. Ananyanyua mkono nikimwambia anyanyue. 

Sista amenifariji. Anasema watoto hugeuka, hata wiki za mwisho wapo wanaogeuka, na huenda siku ile kichwa kilikuwa chini kweli. Nimelishika neno hilo kwa mikono yote miwili. Watoto hugeuka.

30 Aprili

Watu wanasema Bi Mkunga ndiye aliyemvuta mtoto kwa miguu, kazeeka, mikono imekufa. Nimelisikia dukani. Nilinunua sabuni nikaondoka.

5 Mei

Maji yameshuka. Daraja linaonekana, lina matope tu.

6 Mei

Mtandao umerudi saa tatu asubuhi. Tableti ilianza kulia mfululizo, majibu yaliyokwama mwezi mzima yakaingia kwa pamoja. Nilikuwa nayasoma kwa kupitisha macho, sawa, sawa, picha haionekani vizuri, sawa. Mpaka nikafika la Chiriku. Nalinakili lilivyo:

"Picha za tarehe 2. Kibofu kimejaa mkojo na kiko kushoto mwa skrini. Kinatakiwa kiwe kulia. Umeshika probu kinyume. Maana yake kichwa kiko juu, mtoto ametanguliza makalio. Pia sioni picha ya kinena. Mpime upya leo hii, na umvushe kabla ya mto kujaa."

Limeandikwa tarehe 4 Aprili. Lori liliondoka tarehe 5.

Nilikaa na tableti mapajani. Nikatazama kitanda. Kichwa mlangoni, miguu dirishani. Nikanyanyua mkono kama ninayempima mtu, na mkono ukaelekeza kidoti dirishani wenyewe, bila kuniuliza.

Mtoto hakugeuka.

7 Mei

Nimetoa kadi zote za kuanzia 27 Machi. Akina mama tisa, ukimtoa Chiriku. Wawili wamejifungua salama, watatu wako ng'ambo tangu lile lori, wanne bado wapo hapa na mimba zao. Nimewatumia ujumbe waje wapimwe upya. Nimewaambia mashine iliingia unyevu. Naandika hapa ili angalau pawepo mahali ambapo sijasema uongo.

8 Mei

Nimewapima wote wanne, hatua zote, kinena na kila kitu. Nimesimama upande wa kichwa cha kila mmoja kwanza, nikakigusa, ndipo nikashika probu. Watatu wako vizuri. Wa nne mtoto amelala kwa kukingama. Kadi yake ya Aprili, kwa mwandiko wangu mzuri, inasema kichwa chini. Amevuka na gari la mchana. Aliniombea dua na kunishukuru, nikajibu asante.

11 Mei

Nimempelekea Chiriku uji. Amekula vijiko vitatu. Shemeji amekibeba kile kitanda kwenda karakana, amekifunika gunia.

12 Mei

Mke wa mwenye duka amejifungulia njiani kuelekea hospitali kwa sababu hakutaka kushikwa na Bi Mkunga. Wamepona wote wawili, lakini ilibaki kidogo tu wapotee.

13 Mei

Nimekwenda kwa Bi Mkunga. Nilimkuta anachambua majani ya mboga uani, mkoba wake wa kazi umetundikwa ukutani, wembe na kamba na glavu vimetolewa vyote. Sikuketi. Nilimweleza kidoti, dirisha, kitanda kilivyogeuzwa, mkojo, jibu la tarehe 4. Nilimweleza pia kwamba jeli ilikuwepo chupa tatu, na kwamba nilikataa kumpima tena kwa sababu ya wale majirani wanne.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilijua siku ileile."

Nikamuuliza kwa nini hakunisema, watu wanamtafuna wiki mbili nzima. Akaniambia, "Ningekusema, Chiriku angebaki na nani? Mtoto amekwenda. Nikamwondolea na dada?" Halafu akanipa rundo la majani nichambue, kwa kuwa nilikuwa nimesimama bure. Nilichambua nikilia, hakunikataza na hakunibembeleza.

Nilipoondoka alisema nimwambie Chiriku mwenyewe, nisimwachie mtu mwingine.

14 Mei

Sijaenda.

15 Mei

Sijaenda. Mvua imekatika kabisa, kuna jua la kuanikia nguo.

16 Mei

Nimeenda. Shemeji alikuwa karakana. Chiriku ameketi kizingitini, ameanza kutoka nje sasa. Nikaketi chini, yeye juu. Nikamwambia yote kwa mpangilio ule niliomwambia Bi Mkunga. Nilipofika kwenye lori nikashindwa, nikaanza upya, nikafika.

Hakunikatiza hata mara moja. Huyu ambaye hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi. Alikuwa anazitazama nguo kwenye kamba. Nikamwambia kwamba siombi anisamehe. Nikamwambia nitawaeleza watu, Bi Mkunga asafishwe, na kazi ya mashine nitaiacha.

Akaniuliza, "Siku ile ulipokuwa unanipima, alikuwa anafanya nini?"

Sikumwelewa. Akarudia, bila hasira, kama anayeuliza njia.

"Wewe ulimwona akiwa hai, dada. Mimi sikumwona. Alikuwa anafanya nini?"

Nikataka kumjibu, nikagundua kwamba sijui. Nilikuwa namtafuta kichwa tu ili niseme kichwa. Nikamwambia ukweli, kwamba sikumtazama. Hapo ndipo alipofunika uso.

19 Mei

Asubuhi, kabla ya kuita kadi ya kwanza, nimesimama mbele ya mabenchi nikawaeleza akina mama. Nilisema jina langu lote kama mahakamani. Bi Mkunga nimemtaja mara tatu ili asiwepo wa kusema hakusikia. Wengine wameondoka, ni haki yao. Waliobaki niliwapima nikielekeza alama kichwani mwao, kiwe mlangoni au dirishani. Mwalimu nimemwandikia pia. Amejibu kwamba niendelee, na kwamba yeye pia alilijua lile neno letu la dirishani na aliondoka bila kulikomesha.

20 Mei

Nimetafuta picha za tarehe 2 kwenye tableti. Si picha tupu, kuna kipande cha video cha sekunde arobaini. Nimeziba macho yangu ya kazi, nimekitazama kama mama mkubwa, maana ndiye niliyekuwa.

Anapiga miayo. Kisha anakunja mkono wa kulia, anaupeleka mdomoni, anaukosa, anaupeleka tena.

21 Mei

Nilikwenda na tableti kwa Chiriku, nimeificha ndani ya kanga ili majirani wasiione. Nilimwambia nimepata jibu la swali lake, kama bado analitaka. Alinyoosha mkono.

Alitazama sekunde arobaini. Akabonyeza tena. Alipofika kwenye miayo, naye mdomo wake ukafunguka kidogo bila yeye kujua. Alitazama mpaka chaji ikafika nusu, nami nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango kama aliyekuja kudai. Mwishoni akasema, "Mdomo ameukosa." Nikasema ndiyo, mara ya kwanza ameukosa. Akasema, "Baba yake ndivyo alivyo." Nilicheka, akanitazama, nikaacha.

Akanirudishia tableti. Akaniambia, "Kesho ije tena. Ukija nayo nitafungua mlango. Ukija mwenyewe tu, dada, usibishe hodi."

Nikamwambia sawa.

22 Mei

Nimechaji tangu asubuhi. Nimeenda nayo. Amefungua.